Maji Moto Kwenye Mtungi

Mama alikuwa na namna yake ya kuusoma mtungi wa gesi. Alichemsha maji kikombe kimoja, akayamimina polepole ubavuni mwa mtungi kuanzia juu, kisha akapitisha kiganja. Palipokuwa na joto, ndani hapakuwa na kitu. Kiganja kilipokutana na ubaridi, hapo ndipo gesi ilipokuwa imeshukia. Alipaweka alama kwa kipande cha makaa, akatangaza: "Jumatano." Maana yake tungepikia gesi mpaka Jumatano, halafu turudi kwenye makaa hadi pesa za mtungi mwingine zipatikane.

Nakitaja kikombe hicho kwa sababu kuna swali ambalo nimekuwa nikiulizwa tangu watu wajue kwamba niliwahi kuajiriwa kwenye nyumba yenye friji ya intaneti, na kwamba kwetu Kibera tunapikia gesi yenye laini ya simu ndani yake. Wanataka kujua kama vifaa vya jikoni vinavyounganishwa na intaneti vinastahili pesa zake. Wengi wanaouliza wana mshahara, na wanauliza wakiwa wamesimama mbele ya rafu ya supamaketi. Jibu la ndiyo au la sina. Ninazo nyumba mbili nilizopikia kwa mikono yangu, na yaliyonipata humo.

Tulikaa Soweto West, mtaa wa Kibera uliobanwa kati ya Kianda na Gatwekera, chumba cha futi kumi kwa kumi chenye pazia katikati. Mama alikuja Nairobi kutoka Mumias akiwa msichana, na kwa miaka yote ninayoikumbuka kazi yake imekuwa kupika madondo, yaani maharagwe. Huamka saa tisa usiku. Ikifika saa kumi na moja na nusu sufuria kubwa iko mlangoni, chapati zimefunikwa kwa kitambaa, na wanaume wa mjengo wamesimama na sahani mkononi, wapate kula kabla ya safari ya miguu kwenda Industrial Area. Mtu akila madondo yaliyoiva vizuri saa hiyo, hana haja ya kununua kitu tena hadi jioni. Ndiyo maana moto wa mama haukuwa jambo la nyumba yetu peke yake.

Nairobi tuna neno, uchumi wa kadogo. Mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikombe kidogo cha shilingi kumi. Sukari hufungwa kwenye karatasi. Mafuta taa hununuliwa ya shilingi ishirini, makaa mkebe mmoja. Watu wa mbali hudhani maskini hununua kidogo kidogo kwa kutojua kwamba kununua kwa wingi ni nafuu. Mama alijua hilo kuliko mwalimu yeyote wa hesabu. Mtungi wa kilo sita ulipokuwa ukijazwa kwa zaidi ya elfu moja, yeye faida yake ya siku ilikuwa shilingi mia moja na hamsini, na katika hizo tulikula, tukalipa maji, tukaweka za kodi. Elfu moja kwa mkupuo mmoja haikuwahi kulala nyumbani kwetu. Kwa hiyo gesi ilikuja tukipata chama, yaani zamu ya mama ikifika, na makaa yakashika siku nyingine zote.

Halafu makaa nayo yakatushinda. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mkebe ukapanda bei huku ukizidi kupungua ujazo. Septemba mwaka huohuo mafuta taa yakaongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, sababu ikiwa kuna wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Sababu hiyo mama alisikia ikielezwa redioni, akanyamaza kwa muda. Hajawahi kuendesha gari maishani mwake.

Mwaka huo ndio nilimaliza kidato cha nne, nikaenda kutafuta kazi Kileleshwa.

Nyumba niliyoajiriwa ilikuwa na jiko ambalo chumba chetu kingeingia mara tatu. Friji yake ilikuwa na kioo mlangoni kama simu kubwa, na ndani kulikuwa na kamera. Kila mlango ukifungwa, kamera ilipiga picha, na mama mwenye nyumba akiwa ofisini aliweza kuona mayai yamebaki mangapi. Oveni nayo iliwashwa kwa simu. Mimi nilikuwa na kabambe, simu ya batani, tochi na redio.

Sitaki kumsema vibaya mwajiri wangu. Alinilipa kwa wakati, na aliniita kwa jina langu. Friji yenyewe iliwahi kutusaidia: siku moja mtoto aliacha mlango wazi, ujumbe ukamfikia mama yake kazini, akanipigia, nikaufunga, na nyama ya wiki ikaokoka. Lakini kuna asubuhi simu ililia nikaulizwa mbona maziwa yamebaki pakiti moja. Yalikuwa yamepikiwa uji wa mtoto. Swali liliulizwa kwa upole, nami nikajibu kwa upole, kisha nikabaki nimesimama mbele ya ule mlango nikijisikia kama mtu aliyepekuliwa. Tangu siku hiyo niliufungua mlango wa friji kwa hesabu.

Oveni ilinifunza jambo lingine. Kuna Jumapili wageni walikuwa njiani, kuku ameshakolezwa viungo, nami nikaukuta ule mtambo ukiomba kusasishwa programu kabla ya kuendelea. Ulitaka neno la siri la waifai, nalo lilikuwa limebadilishwa na hakuna aliyeniambia. Nikampigia mwenye nyumba, hakushika, alikuwa kanisani. Kuku alipikwa juu ya gesi, kwenye sufuria, jinsi mama alivyonifunza, na wageni wakamsifu.

Nilikaa kwenye nyumba hiyo zaidi ya mwaka mmoja, na ilinichukua muda wote huo kulitambua lililokuwa likinikera. Aliyepika pale ni mimi. Aliyejua unga umeisha, sufuria ipi hushika chini, mtoto gani hali vitunguu, ni mimi. Na vile vyombo vyote viliongea na mtu mwingine. Vilimpa mwenye nyumba habari kunihusu, na mimi niliyevigusa kutwa nzima havikuwa na la kuniambia. Pesa nyingi zilikuwa zimetumika kumwezesha asiyepika kumwangalia anayepika.

Baadaye nilisoma historia ya vitu hivi, nikaona wazo lenyewe ni la zamani. LG walizindua friji ya intaneti mwaka 2000, ikiuzwa kwa zaidi ya dola 20,000, na watu hawakuikimbilia, kwa sababu mtu aliyesimama mbele ya friji anaweza kuifungua akatazama. Kisa kilichonigusa ni cha miaka tisa kabla ya hapo, cha Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Watafiti wa kompyuta walikuwa na birika moja la kahawa kwa jengo zima, na wa vyumba vya mbali walipanda ngazi wakakuta tupu. Mwaka 1991 wakaelekeza kamera kwenye lile birika, kila mmoja akawa anaona kutoka mezani pake kama kuna kahawa. Mwaka 1993 picha hiyo ikaingia kwenye wavuti, ikatazamwa na ulimwengu hadi kamera ilipozimwa mwaka 2001. Nilipoisoma nilimkumbuka mama na kikombe chake cha maji moto. Watafiti wale walikuwa na swali lilelile lake, imebaki kiasi gani, na waliojiwekea kamera ni wenyewe wanywaji.

Corona ilipoingia Machi 2020 mwajiri alinirudisha nyumbani kwa muda, na huo muda haukuisha. Nikarudi Soweto West. Mjengo ulikuwa umesimama, mama anapika nusu sufuria.

Mwaka uliofuata wakaja vijana wa gesi ya mita. Wakati huo kampuni zilikuwa kadhaa. PayGo Energy walikuwa wameanzia Nairobi, KopaGas walianzia Dar es Salaam na baadaye wakanunuliwa na Circle Gas, ambao hapa kwetu wanaendesha M-Gas kwa kushirikiana na Safaricom. Iliyotufikia sisi siitaji jina, maana nitakayoyaeleza yangeweza kumpata mteja wa kampuni yoyote. Walinakili kitambulisho cha mama na nambari yake ya simu, wakachukua pesa kidogo za kuanzia, wakaacha jiko la meko mawili, mtungi, na kisanduku kidogo kilichokaa juu ya mtungi.

Ndani ya kisanduku hicho mna laini ya simu, betri na vali. Ukilipa kwa M-Pesa, malipo yanafika kwenye kompyuta ya kampuni, nayo inakiambia kisanduku kiachilie gesi ya pesa hizo. Kila gramu inayopita inahesabiwa. Pesa zikiisha vali inajifunga kwa mlio mdogo, tk, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Mtungi wenyewe ukikaribia kuisha, kampuni inajua kabla yako, na kijana anafika na mwingine begani. Hakuna anayeomba simu ya bei ghali, kabambe ya mama ilitosha. Shilingi thelathini, hamsini, mia, kulingana na siku ilivyokwenda. Gesi ilikuwa imeingia kwenye uchumi wa kadogo.

Nilimtazama mama siku ya kwanza. Alituma shilingi hamsini, akasikia vali ikifunguka, akawasha, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akaketi kwenye kibao chake na kutazama moto wa buluu bila kusema neno. Miaka ishirini na kitu alikuwa akipika huku macho yakimtoka machozi, na sisi watoto tulidhani macho yake ndivyo yalivyo, mekundu.

Kile kisanduku kilionyesha salio kwa shilingi, na mama akaanza kuandika. Alitafuta daftari kuukuu la mmoja wetu, lililobaki kurasa, akawa anaandika salio kabla ya kuinjika na salio baada ya kuipua. Chai ya asubuhi, shilingi sita. Ugali wa watu watano, kumi. Sufuria kubwa ya madondo ambayo hayakulowekwa, sabini na mbili. Hapo alishtuka. Usiku uliofuata aliyaloweka, akapika na kifuniko kikiwa kimekandamizwa kwa jiwe: arobaini na nne. Akarudia mara tatu ili ahakikishe. Kwa mtu ambaye faida yake ilikuwa mia na hamsini, shilingi ishirini na nane alizozikuta ndani ya maji ya kulowekea zilikuwa kama nyongeza ya mshahara.

Kuloweka hakukuwa siri. Bibi yangu kule Mumias aliloweka. Ila mama alikuwa hajawahi kukuona kukihesabiwa kwa shilingi. Makaa hayakumwambia gharama ya sufuria moja, yalikwenda tu. Mtungi wa kawaida haukumwambia, ulimwacha akisoma ubaridi kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza chombo cha jikoni kilimpa mpishi habari kuhusu upishi wake mwenyewe, na akazitumia siku hiyohiyo. Ningekuwa na uwezo, kila mtu anayebuni vyombo vya jikoni angeonyeshwa lile daftari.

Najua pia kwamba hatukuwa peke yetu. Mukuru kwa Reuben, upande wa pili wa jiji, watafiti waliwafuatilia watumiaji wa gesi ya mita wakati wa masharti ya corona mwaka 2020. Asilimia 95 waliendelea kupikia gesi, na matumizi yao yakapanda kutoka kilo 0.97 hadi 1.22 kwa mtu kwa mwezi. Kaya chache walizozilinganisha nazo, zilizonunua mitungi mizima ya kilo sita, zilishuka kutoka siku 17 za kupikia gesi kwa mwezi hadi siku nne. Kaya hizo zilikuwa saba tu na sitaki kuzitwika mzigo mkubwa kuliko nguvu zake, lakini mtu aliyeishi kwetu hahitaji kushawishiwa. Kazi ikikatika, wa hamsini anaendelea na hamsini yake. Wa elfu moja anasimama.

Na si moshi na bei peke yake. Februari mosi 2024 kiwanda cha kujaza gesi kilichokuwa kikiendeshwa bila kibali mtaani Mradi, Embakasi, kililipuka usiku, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. Kwetu mtungi wa bei rahisi uliojazwa uchochoroni umekuwa kishawishi siku zote, hasa baada ya kodi ya VAT ya asilimia 16 kurudishwa kwenye gesi Julai 2021, kabla ya kupunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata na kuondolewa 2023. Mtungi unaoletwa na mtu anayejulikana, unaofungwa na mtu aliyefunzwa, una thamani ambayo haionekani kwenye salio.

Basi ningeweza kuishia hapa nikawaambia wanunue. Lakini kuna ile Ijumaa.

Ijumaa wanaume wa mjengo hulipwa, hivyo hula vizuri hata kabla ya kulipwa, na mama hupika sufuria iliyojaa. Saa kumi alfajiri tulisikia tk. Salio limeisha, madondo yamefika nusu. Mama akatuma shilingi hamsini. M-Pesa ikajibu, imethibitishwa. Kisanduku hakikujibu. Tukangoja dakika tano, kumi. Akatuma hamsini nyingine, akidhani ya kwanza imepotea njiani, na M-Pesa ikathibitisha tena, na vali ikabaki imefungwa. Nikapiga nambari ya huduma kwa wateja. Sauti iliyorekodiwa ilitushukuru kwa uvumilivu wetu.

Ilipotimia saa kumi na moja mama alipiga magoti, akalivuta jiko la makaa kutoka chini ya kitanda. Vumbi lilikuwa limeshalifunika. Makaa hatukuwa nayo. Jirani wa mlango wa tatu alifungua akiwa amejifunga leso, akatupa mkebe mzima bila kuuliza, akarudi kulala. Lakini madondo yakikatizwa moto katikati hukakamaa, ndivyo mama anavyoamini na mimi nimeamini tangu siku hiyo. Saa kumi na moja na nusu watu walikuja na sahani zao, na mama akawa anawaambia mmoja mmoja, bado kidogo baba, bado kidogo. Wakaondoka mmoja mmoja. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekula kwetu miaka sita. Yeye alisimama muda mrefu kuliko wote, kisha akaangalia jua, akaomba radhi na kwenda. Alihamia kibanda kingine na hakurudi, nadhani kwa aibu.

Vali ilifunguka saa mbili asubuhi. Salio lilisoma shilingi mia moja, kamili.

Kijana wa kampuni alikuja mchana, akaeleza kwamba mtandao ulikuwa na hitilafu, akatuonyesha kwamba hakuna hata shilingi iliyopotea. Alisema kweli, hesabu yao ilikuwa safi. Sufuria ya madondo haikuwa kwenye hesabu yao. Mama alimkaribisha kiti, akampa chai, kwa kuwa ni mtoto wa watu na hakuuzima mtandao yeye. Kisha akamuuliza.

"Kijana wangu, mtungi ulikuwa hapa kwangu?"

"Ulikuwa hapa, mama."

"Una gesi?"

"Ulikuwa na gesi, mama. Karibu nusu."

"Na pesa nilituma. Sasa nieleze, ni kitu gani kilikuwa mbali?"

Kijana aliishika chai yake kwa mikono miwili, akafikiri kweli, nami nikampenda kwa hilo. Akasema, "Ruhusa, mama. Kilichokuwa mbali ni ruhusa."

Neno hilo sijaliacha. Kila ninapoona chombo cha jikoni chenye intaneti najiuliza ruhusa ya kupika iko wapi. Jiko la makaa lenye kauri ndani, lile ambalo wataalamu wa hapa kwetu walilitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la Thailand na kulibadilisha lifae mikono ya Kenya, likivunjika linapelekwa Kamukunji, fundi anagonga bati, mwingine anakanda udongo, kesho linapika. Ruhusa yake ni kiberiti. Siliombolezi, moshi wake naujua. Ila wakati kisanduku kilipotunyamazia, ndilo lililotuwakia.

Mwishoni mwa Januari 2026 neno la yule kijana lilinirudia kwa nguvu. KOKO, waliokuwa wakiuza mafuta ya ethanoli kupitia mashine zilizowekwa madukani tangu 2019, mashine za mtandao zilizokujazia chupa ya jiko kwa kiasi cha pesa ulizo nazo, walifunga shughuli zao Kenya. Zaidi ya kaya milioni moja zilikuwa zikitumia majiko yao. Bei ya mafuta yale ilikuwa imeshushwa kwa matarajio ya kuuza hewa ya kaboni ng'ambo, na barua ya serikali ya kuidhinisha mauzo hayo haikupatikana. Sina nia ya kuamua nani alikosea kati ya ofisi na ofisi. Ninachokiona ni kwamba anayepika alikuwa akilipa sehemu ya bei, na sehemu nyingine ililipwa na mtu asiyemjua, kwa karatasi asiyoijua. Karatasi ilipokwama, jiko zuri, safi, lisilo na ufa hata mmoja, likakosa kazi. Mama alisikia habari hizo redioni, akageuka akakitazama kile kisanduku chetu juu ya mtungi. Hakusema kitu.

Dada yangu anayekaa Kawangware ndiye aliyenifanya niyapange mawazo haya. Alitaka sufuria ya presha ya stima, na dukani kulikuwa na mbili. Moja ya kawaida. Nyingine ya kuunganishwa na simu, bei imezidi kwa shilingi elfu nne. Nilimwambia achukue ya kawaida, na kwa hilo sina wasiwasi hata kidogo. Kinachookoa stima kwenye sufuria ile ni presha na ukuta wake unaohifadhi joto, ndiyo maana maharagwe ya saa tatu huiva chini ya saa moja. Intaneti haiyaivishi. Kumwambia kwa simu kwamba chakula kimeiva, wakati yuko chumba kilekile na pua anayo, ni kumuuzia alichonacho. Elfu nne hizo zinanunua maharagwe ya kupika kwa miezi.

Ingekuwa tofauti kama ile laini ingemwezesha kuichukua sufuria leo na kuilipa polepole, jinsi M-KOPA walivyotuzoesha kulipia taa za sola, na jinsi BURN wa Kiambu wanavyouza sasa majiko ya stima. Hapo mtandao unamnunulia muda, na muda ndio bidhaa adimu kuliko zote kwa mtu wa kadogo. Ningemshauri tu aulize: nikimaliza kulipa, mnanifungulia kabisa? Na mkifunga ofisi, itaendelea kuchemka? Muuzaji anayebabaika kwa maswali hayo mawili hafai kupewa pesa.

Angekuwa anakaa Soweto West, ningemwambia angoje kidogo hata kwa hiyo ya kawaida. Stima yetu nyingi bado ni ya sambaza, waya mmoja umepita vyumba ishirini, jioni taa zinakuwa za manjano, na landilodi anayetoza kiasi kimoja kwa mwezi hataki kuona koili wala sufuria ya stima ndani ya ploti yake. Chombo hakipiki peke yake, kinapika na mtaa mzima nyuma yake.

Mama bado anapikia gesi ya mita. Nilipomuuliza kwa nini, baada ya Ijumaa ile, alinishangaa. Aliniambia macho yake yamepona. Kisha akanieleza utaratibu wake mpya kama askari anayekabidhi zamu: salio lisishuke chini ya shilingi mia jioni, madondo yalowekwe saa mbili usiku, jiko la makaa lisirudi tena chini ya kitanda bali likae mlangoni, na mkebe mmoja wa makaa uwe kwenye ndoo yenye kifuniko, usiguswe.

Wiki iliyopita nilikuwa kwake. Mjukuu wake, mtoto wa dada, alikuwa akimsomea salio. "Kukhu, imebaki mia moja na kumi." Mama akamwambia aandike kwenye daftari, akaenda kuloweka. Juu ya mtungi, kwenye bati la ukuta, kuna nambari tatu za simu alizoziandika kwa makaa, tarakimu kubwa ili azione hata kwa mwanga wa moto. Ya chini ni ya kampuni. Ya katikati ni ya yule kijana, aliyempa nambari yake mwenyewe siku ya ile chai, na ambaye hushika simu hata saa kumi alfajiri. Ya juu ni ya jirani wa mlango wa tatu.

"Huyu wa nini, mama?" nikamuuliza. "Si ni kubisha tu?"

"Usiku huwa analala kwa dadake, hapo mtaani Lindi, mara nyingine," akasema, huku akichagua mawe kwenye madondo. "Lazima nijue kama yuko."